Wiki Malango Yalipokosa Mlinzi

Jumatatu, 7 Julai

Na kweli wamemchukua! Saa mbili asubuhi, hata chai ya pili hajainywa. Gari la ofisi ya mto likaja, mwanangu Ambrose akapanda na kofia yake, akanipungia mkono kama mtu anayepelekwa kung'olewa jino. Eti akapake rangi vyuma vya malango ya kule chini, yale ya kupandishia na kushushia boti mtoni, siku saba, ili hapa kwetu Cudbury paonekane hapana mlinzi. Majaribio! Wenye boti wajifungulie wenyewe, wajifungie wenyewe, na mama mmoja wa ofisi akae pale kwenye kiti cha kukunja anaandika. Kukitokea balaa, mlinzi anabaki. Kukiwa shwari, mlinzi wa nini? Ambrose wangu atapewa gari dogo azungukie malango matano peke yake, na nyumba hii watauziwa watu wa London waje kunywa mvinyo wakitazama bata.

Nyumba hii! Nimeingia humu mwaka wa sitini na moja na marehemu mume wangu, yeye ndo alikuwa mlinzi. Ambrose kazaliwa chumba cha nyuma, maji yamepanda mpaka ngazi ya tatu, mkunga akaletwa kwa boti, akatapika njiani. Baba alipokufa, mtoto akashika kofia. Miaka hamsini na tatu, unasikia? Halafu mtu anakuja na kiti cha kukunja.

Andika hivyo hivyo, Winifred. Usininyooshee maneno.

Winifred alikuwa mwalimu, kastaafu, anaishi kwenye boti yake hapo chini ya malango. Kila jioni anakuja na daftari, mimi nasema, yeye anaandika. Kusoma mimi sijui. Nilizaliwa kwenye boti ya makaa ya mawe, kwenye mifereji huko kaskazini, na boti ya makaa haikusubiri umalize darasa. Jina langu naliweza, Thirza, ila ile herufi ya katikati huwa inanigeukia.

Basi. Mpango wangu ulikuwa rahisi. Kukaa. Nikae kwenye benchi, mikono nimeikalia, nilitazame balaa likija lenyewe. Nikakaa.

Saa nne ikaja boti ya kukodi. Wanaume wanane, kofia za unahodha, mmoja anaoa Jumamosi na wenzake wamemvisha shela. Nikasema moyoni, Mungu ananipenda. Wakaingia katikati ya malango, kwenye chumba cha maji, wanateremka mto. Bwana harusi akachukua kamba akaifunga kwenye kigingi. Akaifunga! Fundo! Mafundo matatu! Sasa wewe Winifred unajua, bata wanajua: maji yakishuka, boti nayo inashuka, na kamba ikifungwa boti inabaki inaning'inia ukutani kama koti. Nikajiambia, Thirza, tulia. Maji yakaanza kutoka. Boti ikaanza kuinama. Kikombe kikaanguka ndani, paa! Nikajiambia tulia. Bwana harusi anacheka. Mdomo wangu huu ukafunguka wenyewe, ukapiga ukelele wa kufika kanisani: "Legeza kamba, mpumbavu wewe mwenye shela!"

Kufumba na kufumbua niko kando yake, fundo limefunguka, kamba ninayo mkononi naiachia taratibu, taratibu. Sijui nilifikaje. Nina miaka sabini na tisa na goti la chuma.

Nikamwendea yule mama wa ofisi, Bi Pettifer anaitwa, mwembamba, miwani miwili, mmoja kichwani mmoja puani. Nikamuuliza ameandika nini. Akasoma: boti moja, kushuka, salama.

Salama!

Jumanne, 8 Julai

Jana bahati mbaya. Leo akili.

Ofisi imesimamisha ubao mpya, mkubwa kama mlango wa kanisa, wenye picha na mishale. Fanya hiki, kisha kile, kisha zungusha gurudumu. Huo ndo mlinzi wao mpya. Haujui kuogelea. Basi nikaamka na mapema nikausogezea vyungu vyangu vya maua, yale marefu yanayonipita kichwa, yaliyotupa nafasi ya pili mashindano ya bustani za malango mwaka juzi. (Nafasi ya kwanza walipewa watu wa malango ya juu. Mke wa mlinzi wa kule alikuwa ananunua maua yameshachanua anayachimbia ardhini usiku wa kuamkia mashindano. Kila mtu anajua. Hayo tuyaache.) Vyungu sita. Hata mshale mmoja haukuonekana.

Kosa langu nililiona boti ya kwanza ilipofika. Mtu akikosa ubao, anamtafuta mtu. Na mtu ni nani pale? Mimi, benchini, na kitambaa changu kichwani.

Dada mmoja kabeba mtoto, kaja mpaka hapa. Samahani bibi, tunaanzia wapi? Nikamwambia sijui. Hilo neno nimelisema, Winifred, na nilivyolisema nikahisi kama nimemkana mama yangu mzazi. Yule dada akarudi botini. Nikamwona anashika gurudumu la kulia. La kulia! Nikamwita, mwanangu, la kushoto, pole pole, zungusha nusu kwanza, subiri maji yatulie, ndo umalizie. Mpaka jioni nimesema hivyo kwa boti kumi na nne. Mmoja kanibusu. Wengine wameniachia nyanya.

Bi Pettifer amefurahi kweli. Kaandika kwamba umma unajifunza haraka.

Halafu, kama vile siku haijaharibika vya kutosha, akaja Bwana Vyner. Huyu ni mwenyekiti wa chama cha wenye boti. Boti yake nyeupe inang'aa mpaka unafumba jicho, na yeye ndiye aliyeandika barua ofisini kwamba mlinzi wa kukaa ni mambo ya kale, kwamba hii kazi hata kuku anaiweza. Kasimama mbele yangu, mikono nyuma. Eti, "Bi Thirza, wewe mwenyewe umekulia mferejini. Huko nani alikuwa anakufungulieni? Si mlikuwa mnajifungulia?"

Nikaingia ndani.

Jibu likanijia dakika kumi baadaye, nikisugua sufuria. Kwenye mfereji maji yamelala, hayana haraka na mtu. Na sisi tulizaliwa na kile chuma cha kufungulia mkononi, tuliweza malango kabla hatujaweza vifungo vya nguo. Huu ni mto! Upande huu malango, upande ule kizuio cha maji chenye mbao ishirini, na kila maji yakipanda lazima mtu azitoe, yakishuka azirudishe, na mtu huyo lazima awepo, asiwe njiani ndani ya gari. Na hawa wanaokuja wamejifunza kuongoza boti leo asubuhi kwa dakika ishirini, na humo humo kuna muda wa kwenda chooni. Nilitaka kumwambia yote hayo. Nikatoka na sufuria mkononi. Kashaondoka.

Jumatano, 9 Julai

Nimeelewa tatizo. Tatizo ni macho. Nikiona, nafanya. Basi leo nisione.

Nikajifungia ndani, pazia nimeshusha, redio nimepaza, nikaanza kukanda ile keki ya mafuta ya nguruwe. Mama yangu alikuwa anaipika botini kwenye jiko dogo la makaa lisilozidi ndoo, mguu mmoja kwenye usukani, mdogo wangu Keziah kafungwa kamba kiunoni asidondoke majini. Alikuwa anasema siri ni kukunja. Mafuta, sukari, zabibu, unakunja, unageuza, unakunja. Nilikunja mpaka saa tano na sikuona boti hata moja. Raha!

Lakini masikio hayana pazia. Maji ya malango yana sauti tatu. Kuna ya kujaa, kuna ya kutoka, na kuna ya upumbavu. Redioni mtu alikuwa anaimba mapenzi, na chini yake nikaisikia, ya tatu. Vijidirisha vya kupitishia maji chini ya lango la juu vimefunguliwa, na vya lango la chini havijafungwa. Mto mzima unapita katikati kama nyumba iliyoachwa milango wazi, na boti ndani inarukaruka.

Nilitoka na unga mpaka viwikoni. Mume na mke, watu wa makamo, mmoja yuko lango hili, mwingine lile. Kila mtu kafungua lake bila kumuuliza mwenzie. Kumbe hawasemezani tangu kifungua kinywa! Nikamwambia bwana funga hicho, mama wewe shika kamba, msinitazame, tazameni kamba. Yakatulia. Yule mama akaanza kulia, akasema safari yote hii ni wazo lake bwana. Ningefanyaje? Nikawaingiza ndani. Wakala keki ikiwa ya moto, kwa kipande cha pili wakaanza kuitana mpenzi.

Bi Pettifer naye akala vipande viwili. Kaandika: asubuhi tulivu.

Winifred anasema labda niende kwa mdogo wangu Keziah mpaka wiki iishe, niwaachie mto wao. Nikamwambia kama nikienda, nani atahakikisha mambo yanaharibika?

Alhamisi, 10 Julai

Leo nilikaribia! Winifred, leo nililishika mkononi!

Nilikuwa nimefikiri usiku wote. Hawa wageni wana woga, na mwenye woga anauliza, ndo ananiponza. Nikamtaka mtu asiyeuliza. Bwana Vyner! Huyu akipita hapa, Ambrose ndo humshikia kamba ya mbele, mkewe ya nyuma, na yeye kasimama kwenye usukani anasalimia watu wa ng'ambo kama anayegombea ubunge. Na wiki hii mkewe hayupo.

Nikamwambia, mbele ya Bi Pettifer, kwamba watu wanasema hawezi kupita peke yake. Watu gani? Watu tu. Nani hasa? Nikasema sipendi kutaja majina, lakini mmoja alicheka. Akavimba shingo. Akasema saa tano kamili, peke yake, na tumtazame.

Bi Pettifer alikuwa anasinzia, joto la leo si mchezo. Nikaona atalikosa balaa. Nikampikia chai nzito kama lami. Kikombe kimoja, cha pili, cha tatu. Macho yakawa kama ya bundi.

Saa tano Bwana Vyner huyo. Kaingia vizuri, nakiri. Karuka nchi kavu na kamba yake, kafunga lango la chini, kajaza maji, boti ikapanda polepole mpaka ikawa sawa na sisi. Akafungua lango la juu, unajua ile boriti unayoisukuma kwa makalio. Na ili asukume, kamba akaiweka chini. Chini! Kaiweka kwenye majani kama mtu anayeweka mwavuli.

Upepo ukavuta. Ile boti nyeupe ikatoka taratibu yenyewe, kwa adabu kabisa, ikaingia mtoni, na mto hapo unavuta kwenda kwenye kizuio. Ndani yuko mbwa wake, mzee, ana jicho moja, na mezani kuna yai la kuchemsha. Mimi nikasimama, moyo unaruka. Balaa! Balaa langu! Nikageuka kumwonyesha Bi Pettifer.

Kiti kitupu.

Chai! Vikombe vitatu! Yuko chooni kwangu!

Nilisimama pale, nikimbie nikamgongee mlango au nikimbie kuchukua upondo. Yule mbwa akanitazama kwa lile jicho lake. Nikachukua upondo. Wenye ndoano, ule mrefu, ninaujua uzito wake kuliko ninavyojua mkono wangu. Nikainasa mara ya kwanza, kwenye chuma cha ubavuni, nikaizungusha, nikaileta.

Bi Pettifer anatoka, anakausha mikono, anaikuta boti imefungwa, mbwa amekaa, na Bwana Vyner anafuta jasho. Akamwambia, mimi nasikia kwa masikio yangu, "Kama unavyoona, mtu mmoja anatosha." Hata kunitazama hakunitazama!

Nilitaka kumtumbukiza majini. Winifred anasema tusiandike hilo. Andika.

Ijumaa, 11 Julai

Mvua. Boti mbili tu, zote za watu wanaojua kazi. Mikosi.

Jioni Ambrose karudishwa kama kila siku, kalowa, rangi ya kijani mpaka kwenye nyusi. Kaniuliza kama nimepumzika. Nikasema sana. Akanishika mikono akaigeuza viganja juu, vina alama ya kamba, akavirudisha, akatoka nje. Ni kama baba yake, huyu. Ukimpa habari mbaya anakwenda kufagia.

Halafu nikamwona dirishani, mvuani, anapanda vitunguu vyake vya majani. Ndani ya ndoo. Kila mwaka anavipanda ardhini kando ya ukuta, mistari minne. Mwaka huu ndoo kumi na mbili, zenye mishikio, tayari kubebwa.

Ana miaka hamsini na mbili. Hajawahi kulala sehemu ambayo hasikii maji.

Kesho lazima kitu kiharibike.

Jumamosi, 12 Julai

Niandike vipi siku hii? Basi andika nilivyoiona.

Asubuhi maji yalikuwa ya kahawia, yamemeza ngazi ya pili, yanakuja na matawi. Mvua ya jana imenyesha zaidi kule juu vilimani. Ambrose wamemchukua tena alfajiri, na kule aliko naye ana kizuio chake cha kuhangaika nacho. Bi Pettifer akampigia simu yule mtu wa gari, ambaye wiki hii ya majaribio ndiye anazungukia malango matano. Yuko malango ya tano. Barabara imejaa maji. Itamchukua saa mbili, labda tatu.

Winifred, niliona kama mlango wa mbinguni umefunguliwa. Mbao za kizuio zisipotolewa, maji yatapita juu ya ukingo yaingie uwanja wa chini. Uwanjani kuna nini? Kuna gari dogo jekundu la Bi Pettifer, kaliacha pale kwa sababu kuna kivuli. Na kuna mahema kumi na moja ya wanakwaya wa kanisa fulani, wamekuja kupiga kambi na kufanya mazoezi. Basi! Ofisi yenyewe, gari lao lenyewe, mbele ya karatasi zao wenyewe! Na kazi yangu ilikuwa moja tu, nisifanye kitu. Nani atanilaumu? Mimi si mwajiriwa. Mimi ni bibi, nimekaa benchini na mwavuli.

Nikakaa. Winifred anasema nilikaa dakika nne. Mimi nasema kumi.

Tatizo wakaanza kuimba. Wamejifungia mahemani mvua isiwapige, na wanaimba, kila hema na sauti yake, hawaonani. Sauti ya tatu ilikuwa inapotea kabisa, masikini, kama mbuzi aliyepitwa na wenzake. Wanaacha, wanacheka, wanaanza upya. Na maji yanapanda, nayaona mimi, wao hawayaoni.

Nikanyanyuka. Nikapiga kelele, "Nyie wawili! Njooni hapa!" Wawili ni Bi Pettifer na Bwana Vyner, kaja kuangalia boti yake akiwa na nguo za kulalia, za hariri, za zambarau. Mbao siziwezi tena, mikono imekwisha. Mdomo bado. Nikawapandisha kwenye daraja la kizuio. Ya tatu kwanza! Si hiyo, ya tatu! Umesomea wapi kuhesabu, Bwana Vyner? Vuta na mgongo, Bi, si na mikono, mikono ni ya kushikilia tu! Sasa ya saba! Ukitoa zilizofuatana ukingo utakatika, ruka, ruka!

Mbao kumi na nne wametoa. Bwana Vyner kaanguka makalio mara mbili, suruali imepasuka, na alipoinuka mara ya pili akasema, "Halafu ipi, Bi Thirza?" Aliuliza! Tangu nimjue hajaniuliza kitu mtu yule.

Kufika adhuhuri maji yakasimama, kiganja kimoja chini ya ukingo. Gari kavu. Mahema makavu. Wanakwaya wakaja kushukuru, wakatuimbia wakiwa wote pamoja, na hapo sauti ya tatu ikapatikana, nzuri sana kusema kweli. Mtu wa gari akafika saa saba. Kaangalia huku, kaangalia huku, kasema kumbe mambo shwari. Akala keki akaondoka.

Shwari! Balaa langu nimelimaliza mwenyewe kwa mdomo wangu!

Winifred anauliza kwa nini sikuwaambia tu wanakwaya wahame, maji yakaingia uwanja mtupu. Sasa ndo anauliza!

Jumapili, 13 Julai

Siku ya mwisho. Bi Pettifer kakunja kiti. Ambrose alikuwepo, leo hawakumchukua, kasimama na ufagio. Bwana Vyner naye kajileta kusikia ushindi wake, anatembea kama kuku anayetaka kutaga.

Nikamwambia Bi Pettifer aseme tu, mimi nimeshazoea kuhama, nimezaliwa ninahama. Uongo huo, nilikuwa nimeshika ukingo wa benchi.

Akafungua karatasi. Boti mia na moja. Ajali hakuna. Aliyeumia hakuna. Kizuio kimefunguliwa kwa wakati. Bwana Vyner akasema haya sasa, mnaona! Ambrose akaanza kufagia.

Bi Pettifer akasema subirini, kuna safu nyingine. Nani aliendesha malango. Akasoma. Boti ya kwanza: bibi mmoja. Ya pili: bibi mmoja. Ya tatu: mwenye boti, akielekezwa na bibi mmoja. Akaendelea hivyo hivyo kama anasoma majina ya waliofariki. Boti mia na moja, bibi mmoja yuko kwenye themanini na nane. Ile ya mbwa pia kaiandika! Kumbe dirisha la chooni kwangu linatazama mtoni, na mimi miaka hamsini na tatu sijawahi kulifikiria.

Akasema wakubwa wake wamemtuma aone siku saba bila mlinzi, na yeye hajaiona hata moja. Sasa akawaambie nini?

Bwana Vyner akasema basi jibu ni hilo, mlinzi wa mshahara wa nini, bibi yupo! Na Bi Pettifer, akiwa anafunga begi lake, akamuuliza kwa upole tu: na bibi akifa?

Halikuwa swali baya, lakini mtu anaweza kuonywa kwanza.

Jumatano, 16 Julai

Barua! Ambrose kanisomea mara mbili, Winifred mara ya tatu kuhakikisha.

Majaribio yamefutwa. Hayafai. Yatarudiwa Septemba, na mpaka hapo mlinzi anabaki malangoni na nyumbani mwake kama kawaida, na baada ya hapo watazungumza, na wakizungumza hao unajua wanavyozungumza, itafika Krismasi. Kuna sharti moja. Wiki hiyo ya Septemba, mama yake mlinzi asiwe ndani ya maili kumi kutoka malangoni. Wameandika! Maili kumi! Kama mbwa mwenye kichaa! Ambrose alicheka mpaka akakaa chini kwenye majani, akasema, "Mama, umekuwa tatizo la serikali." Kisha akaenda nyuma, na nikamsikia anamwaga udongo. Anatoa vitunguu kwenye ndoo.

Hata Bwana Vyner kapita jana, mkewe yuko nyuma na kamba. Kaniinulia kofia. Akasema kwenye barua yake mpya chamani ataandika kwamba labda mtu mmoja wa kukaa si vibaya, kwa ajili ya siku za maji makubwa. Za maji makubwa tu, akasisitiza. Nikamwambia na za maji madogo unaweka kamba chini, sivyo? Kaenda zake. Safari hii jibu lilikuja kwa wakati!

Sasa nakuja kwenye mpango wa Septemba, na huu, Winifred, hauna kasoro. Nakwenda kwa Keziah, maili kumi na mbili, nina adabu. Keziah ana boti. Hakuna mahali barua imesema boti isipite. Tunakuja, mimi nimevaa kofia ya marehemu shemeji na miwani ya jua, tunapita hapa mara nne kwa siku, tunaharibu kila kitu. Kamba tunafunga mafundo. Tunagonga lango. Tunaacha vijidirisha wazi. Bi Pettifer anaandika balaa, balaa, balaa, na Ambrose anakaa hapa mpaka azeeke.

Winifred kaweka kalamu. Anasema sitaweza. Anasema, "Thirza, wewe hujawahi kufunga kamba vibaya tangu una miaka minne." Nikamwambia nitajifunza, nina mwezi mzima na nusu. Anasema kwani sijaona kilichomwokoa Ambrose wiki ile ni nini? Nimeona. Kilichotuangusha ni chai, na ile kwaya. Septemba hakuna kwaya. Anasema mlinzi wa wiki ile nilikuwa mimi. Upuuzi! Mimi nilikuwa napita tu.

Ngoja. Umesikia?

Kuna boti chini hapo, imechelewa. Ambrose anakula, saa zake za kazi zimekwisha, muache amalize supu. Wataweza. Si wana ubao? Kaa, andika, tulikuwa kwenye kofia ya shemeji...

Mwanamke ndiye anayeita. Anasema, "Jamani, kuna mtu hapo?"

Yupo! Yupo, mwanangu, nakuja! Kamba usifunge, ishike tu mkononi! Winifred, nipe fimbo yangu, na hilo daftari funga, tutamalizia. Nakuja!